Msimu wa Mvua kwa Mkwezi wa Miamba: Mwongozo Kamili, Kuanzia Lukenya Hadi Mtungi wa Maji Sebuleni

Masika yakianza Machi, wakwezi wengi wa Nairobi tunaangukia kosa moja kati ya mawili. Wapo wanaokwenda Lukenya, kilima cha miamba upande wa Machakos, Jumamosi vilevile kwa kuwa gari limeshatiwa mafuta na wenzao wamekubaliana, wakifika wanakuta jiwe limelowa, na wanalipanda hivyo hivyo. Wapo wanaojifungia nyumbani na kuning'inia kwa vidole kila siku mpaka kidole kinagoma. Nimeyafanya yote mawili. La kwanza nilitoka nalo salama kwa bahati. La pili lilininyima jiwe kwa wiki nane.

Kwa hiyo mwongozo huu una kazi mbili: kukuonyesha lini ukatae mwamba, na namna ya kutumia wiki za mvua ili Juni ikufikie ukiwa na vidole vizima. Ya pili nitaikalia zaidi, maana ndiko ninakoona watu wakiumia.

Ijue mvua ya mahali pako

Kenya ina misimu miwili ya mvua, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Lakini msimu si siku. Nairobi na Machakos, hata katikati ya Aprili, mara nyingi mvua hunyesha alasiri na usiku, na asubuhi hupambazuka pakavu. Mkwezi anayeondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi na kuwa chini saa sita mchana anapata siku nyingi kuliko anayeanza kupakia kamba saa nne.

Siku mbili kabla ya safari, soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, kisha mpigie simu mtu aliye karibu na mwamba. Swali ni moja: jana usiku kulinyesha? Mvua ya usiku wa kuamkia safari ina uzito kuliko mvua ya wiki nzima iliyotangulia.

Fikiria na barabara. Njia ya kwenda Hell's Gate, hifadhi yenye kuta za mwamba na korongo kule Naivasha, hupita Mai Mahiu kwa wanaoshuka bondeni kwa barabara ya chini, mahali ambapo usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yalishuka ghafla na kuua watu wengi. Na ndani ya Hell's Gate kwenyewe, mafuriko ya ghafla yaliua wageni korongoni mwaka 2012 na tena 2019. Mvua hiyo huweza kunyesha mbali, juu, huku wewe ukiwa umesimama kwenye mchanga mkavu chini ya anga la buluu. Msimu wa mvua usiingie korongoni, hata kwa matembezi ya kupumzika baada ya kukwea.

Lipime jiwe kwa mkono

Pwani, neno mkwezi ni la mtu wa minazi. Mjomba wangu alikuwa mkwezi kule Kilifi. Asubuhi ya baada ya mvua alikuwa analipapasa shina la mnazi kwa kiganja, juu kidogo ya kichwa chake, kabla hajafunga kamba miguuni. Mara nyingi alifuta kiganja kwenye shuka akarudi kukaa chini ya mwembe. Hakuna aliyemwita mwoga. Nilipoanza miamba nilikumbuka kiganja kile, na hadi leo ndicho kipimo changu.

Lukenya ni jiwe la naisi, gumu, lenye chembe za kukwaruza. Halipotezi nguvu likilowa, na upande unaopata jua na upepo hukauka kwa saa chache. Tatizo lake ni madoa ya kijivu na ya kijani yanayoota juu ya jiwe. Yakikauka huwezi hata kuyahisi, yakilowa huteleza kama sabuni, na kiatu cha kukwea hakiyawezi.

Fanya hivi ukifika. Zunguka chini ya njia yako ukitazama rangi: jiwe lililolowa ni jeusi zaidi, na michirizi myeusi inayotoka kwenye majani ya juu ina maana kwamba maji bado yanashuka hata kama mvua imekata tangu jana. Bandika kiganja kwenye jiwe ukihesabu hadi kumi. Kikitoka na unyevu, subiri saa moja urudie. Kisha ingiza vidole ndani ya ufa kabisa, si mdomoni mwa ufa. Uso wa mwamba hukauka mapema, lakini ufa huhifadhi maji na tope kwa siku kadhaa, na vifaa vya kinga vinavyobana ndani ya ufa vinaweza kuteleza kwenye tope lile vikivutwa na mtu anayeanguka.

Hell's Gate inahitaji uangalifu zaidi. Ule ni mwamba wa volkano uliopasuka kwa nguzo, na baada ya mvua kubwa nguzo na vipande huweza kulegea. Fischer's Tower, ule mnara wa takribani mita 25 karibu na lango, hukauka haraka kwa kuwa umesimama peke yake kwenye upepo. Ukuta mkubwa ni habari nyingine. Mimi huuacha mpaka zipite siku mbili tatu za jua.

Na kwa msomaji aliye Ulaya: kama unakwea jiwe la mchanga, mfano Fontainebleau kule Ufaransa, jiwe likilowa usiliguse kabisa. Hilo hupoteza nguvu kwa ndani na vishikizo humeguka, hata uso ukionekana mkavu. Ukikivunja kishikizo pale, umekivunjia kila atakayekuja baada yako.

Kama bado una shaka baada ya hayo yote, funga kamba kutoka juu. Usitangulie kwa kamba ya chini, yaani kupanda ukiivuta kamba nyuma yako, kwenye jiwe unalolishuku.

Radi

Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukifika chini ya 30, umeme uko ndani ya kilomita 10, na hapo unashuka, hata kama zimebaki mita tano kufika juu. Ondokeni mgongoni mwa kilima, msijibanze kwenye pango fupi wala chini ya jiwe lililoinama, ingieni ndani ya gari mfunge vioo. Msirudi mwambani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mvua ikiwakuta juu: kamba na viatu

Kamba ya nailoni hunywa maji. Huwa nzito, hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kudaka anguko, na mkononi mwa mshika kamba hupita tofauti na alivyozoea. Shukeni polepole, na kila kamba iwe na fundo mwishoni.

Nyumbani, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ikiwa na tope, kisha itandaze kwa mikunjo mikubwa kivulini, penye hewa. Katika nyumba za ghorofa natumia migongo ya viti viwili vya mezani. Usiianike juani kwenye baraza, wala karibu na jiko, wala juu ya jokofu kwa nyuma kunakotoka joto. Aprili huchukua siku mbili tatu kukauka. Usiirudishe mfukoni ikiwa mbichi, itavunda.

Viatu vijazwe magazeti, ubadilishe gazeti baada ya saa chache. Usiviache kwenye dashibodi ya gari. Joto hulegeza gundi ya soli, na nimeona jozi mpya kabisa ikibanduka ncha kwa kosa hilo moja. Karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba, na vifaa vyenye springi suuza kwa maji safi, sugua maungio kwa mswaki mkuukuu, kausha, tia tone la mafuta.

Mazoezi ya ndani: mpango wa wiki 12

Kuta za ndani zenyewe ni zao la hali mbaya ya hewa. Mwaka 1964 Don Robinson alijenga ukuta wa kukwea kwenye korido ya Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa kupachika mawe kwenye matofali, na wakwezi wa sehemu zile wakapata pa kushika mvua za majira ya baridi. Wewe huenda una ukuta wa kulipia karibu na unapoishi, au huna. Nimeuandika mpango huu nikimfikiria asiye nao.

Wiki 12 nazihesabu kwa sababu ya Mlima Kenya. Upande wa kusini hukauka kati ya Januari na mwanzo wa Machi, na ndipo watu hupanda Nelion, kilele cha pili cha mlima huo, mita 5,188, kwa njia iliyofunguliwa na wakwezi Shipton na Wyn-Harris mwaka 1929. Upande wa kaskazini hupata jua kuanzia Juni hadi mwanzo wa Oktoba, ndipo watu huiendea Batian, kilele cha juu kabisa, mita 5,199. Kwa hiyo masika yanakuandaa kwa kaskazini, vuli inakuandaa kwa kusini. Hata kama mlima haumo katika mipango yako, kuwa na tarehe mbele kutakusaidia kuamka Jumanne kwenye mvua.

Kila kipindi kianze kwa dakika 15 za kupasha mwili: ruka kamba, zungusha mabega na viganja, kunja na kunjua vidole mara hamsini, kisha shika vishikizo vikubwa au ukingo mnene wa mlango huku miguu ikibeba uzito. Usiruke hatua hii hata siku una haraka. Siku ya haraka fupisha mazoezi, kupasha mwili kubaki palepale.

*Wiki ya 1 hadi ya 3: miguu.* Wakwezi wengi huanguka kwa sababu ya miguu wakadhani ni mikono. Tafuta ukuta wa mawe ya kuchongwa, Nairobi upo kila mtaa, ulio chini ya paa au kibaraza, omba ruhusa, ukwee kwenda pembeni bila kupanda juu ya usawa wa goti. Sheria ni moja: mguu usitoe sauti. Utazame mpaka ncha ya kiatu imekaa pale ulipotaka, kisha ndipo uondoe macho. Ukisikia kwaruu, rudisha mguu uanze upya. Dakika 20 za namna hii zitakuchosha kuliko unavyodhani. Siku nyingine shika mpira wa tenisi kila mkono, ili mikono ishindwe kuvuta na miguu ilazimike kufanya kazi. Kwenye ukuta wa kulipia, kila njia rahisi uliyoipanda, ishuke kwa kukwea badala ya kuruka kwenye godoro.

*Wiki ya 4 hadi ya 8: vidole.* Hapa ndipo nakuomba usome taratibu.

Msuli hupata nguvu kwa wiki. Kano na tishu zinazoishikilia mifupani huchukua miezi. Ndiyo maana unaweza kujihisi una nguvu ya kuning'inia huku kile kinachoshikilia kidole kikiwa bado hakijafika. Kama hujamaliza mwaka mmoja au miwili ya kukwea mara kwa mara, au kama uko chini ya miaka 18 na mifupa bado inakua, ruka sehemu hii, endelea na miguu na kukwea kwa wingi kwenye vishikizo vikubwa.

Ubao wa vidole wa dukani, ule wenye vidato vya kuning'inia, ni ghali, na kuupachika kwenye nyumba ya kupanga ni shida. Fremu za milango mingi zimeshikwa na misumari michache, mwenye nyumba hataki matundu, na ukuta ukiachia utaanguka na ubao usoni. Mimi natumia mtungi wa maji wa lita 20, na sioni sababu ya kurudi kwenye ubao.

Mwendee seremala, mwombe kipande cha mbao ngumu kilichobaki, kirefu kama kiganja na nusu. Achonge kidato cha kina cha milimita 20 upande mmoja. Usimamie wewe mwenyewe upigaji wa msasa. Pembe ya kidato lazima iwe ya mviringo, laini kama mgongo wa kijiko, la sivyo itakukata ngozi kwenye fundo la kidole. Toboa tundu katikati ya mbao, pitisha kamba imara, funga fundo kubwa upande wa kidato, mwisho mwingine ufunge kwenye mpini wa mtungi. Urefu wa kamba uwe ule unaokuwezesha kushika mbao ukiwa umekunja magoti nusu.

Uzuri wake ni huu: lita moja ya maji ni kilo moja. Unaongeza mzigo kwa chupa ya lita moja na unajua hasa umeongeza nini. Ubao wa ukutani, usipoegemeza miguu mahali, hukulazimisha kuanza na uzito wa mwili wako wote.

Simama, mgongo umenyooka, mkono umenyooka. Weka vidole vinne kwenye kidato, viungo vya kati vikiwa vimekunjwa kama pembe ya daftari, na kidole gumba kisifunge juu ya vingine. Kunyooka kwa magoti ndiko kunyanyue mtungi, sentimita tano tu kutoka sakafuni. Hesabu sekunde 10, shusha taratibu, badili mkono. Pumzika dakika mbili hadi tatu. Rudia mara tano kwa kila mkono, basi.

Anza na lita 10. Kila unaposhusha unatakiwa ujue ungeweza kuendelea sekunde mbili au tatu. Kama vidole vinafunguka kabla ya kumi, mwaga maji. Ongeza lita moja kwa wiki, si zaidi, na mtungi ukijaa funga wa pili. Fanya mara mbili kwa wiki, siku mbili kamili zikiwa katikati. Wiki ya 8 punguza kila kitu nusu.

Siku zisizo za vidole, fanya pushapu na uvute mpira wa mazoezi kwa mabega. Kukwea ni kuvuta, na mwili usiosukuma chochote mwisho mabega huingia mbele na kuuma.

*Wiki ya 9 hadi ya 11: pumzi.* Kwenye ukuta wa ndani chagua njia fupi nne unazoziweza, zipande mfululizo bila kupumzika, kaa dakika nne, rudia mara nne. Huna ukuta? Rudi kwenye ukuta wa mawe, dakika tano kwenda pembeni, dakika tano kupumzika, mara nne. Mtungi ubaki mara moja kwa wiki, bila kuongeza maji.

*Wiki ya 12* ni ya kupumzika. Tembea, lala, kagua vifaa.

Neno moja kuhusu ngozi. Wakati wa masika hewa ina unyevu, na ncha za vidole huwa laini, zinachanika upesi. Paka mikononi chaki ya kukwea, ile ya kukausha jasho, kidogo mara nyingi badala ya nyingi mara moja, futa chaki iliyogandamana kwenye vishikizo kwa brashi, na sugua kwa msasa laini kingo za ngozi iliyokauka kabla hazijanaswa. Mafuta mazito ya kukamulia ng'ombe yanafaa usiku, baada ya mazoezi, kamwe si kabla.

Kidole kikilia

Kilichonipata mimi kilikuwa hivi. Ulikuwa msimu wangu wa pili wa mvua. Nilikuwa nakwea vibaya, Lukenya imelowa wiki tatu, nikaamua nitatoka masika nikiwa na vidole vya chuma. Nikaning'inia kwenye fremu ya mlango kila jioni, siku 11 mfululizo, nyingine bila kupasha mwili. Siku ya 11 nilisikia tak, sauti kavu kama kijiti cha kiberiti, kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia. Haikuuma sana mwanzoni, na hilo ndilo linalodanganya. Niliendelea kwa mkono mwingine. Asubuhi sikuweza kufunga shati.

Chini ya kidole, karibu na kiganja, pana mkanda unaoishikilia kano ibaki karibu na mfupa. Ndio huchanika. Ukisikia sauti ile, au ukihisi maumivu makali unapobonyeza sehemu hiyo, acha hapo hapo. Weka kitambaa cha baridi, usikande kwa nguvu, usijaribu tena kuona kama kimepona. Ukikunja kidole ukaona kano inanyanyuka kama uzi wa upinde, au kidole hakikunjiki, nenda hospitali upigwe picha ya mawimbi ya sauti. Hata bila dalili hizo mwone mtaalamu wa viungo mapema, akupangie namna ya kurudishia mzigo. Mtungi ule ndio nilioanzia tena, ukiwa na lita mbili.

Siku ya kwanza kurudi

Mvua zikikata, usianze na njia uliyoiota. Panda njia mbili au tatu za chini ya kiwango chako, kwa kamba ya juu. Mwili umezoea vishikizo vya mbao na plastiki, na miguu inahitaji kukumbuka jiwe. Angalia bolti na nanga za juu kama zina kutu mpya au zimelegea, na kamba fupi zilizoachwa na wengine juu usiziamini kwa kuwa tu zipo.

Sikiliza nyuki. Baada ya mvua maua huwa mengi, na Lukenya wanajulikana kwa kuhamia kwenye nyufa. Ukisikia mvumo ndani ya ufa, shuka bila kelele, uchague upande mwingine wa kilima.

Kisha kila jiwe utakalolitegemea, ligonge kwa kiganja kabla ya kulivuta. Likitoa sauti ya kujaa, panda. Likilia kama ngoma, mwambie mshika kamba asogee pembeni, ulipite bila kuligusa.